[UZI] Hata, reale, ng'ombe: maneno matatu yaliyonionyesha jamii za Kihispania zilivyojengwa

#1 Muongoza_Njia

Wakuu salaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi naongoza wageni hapa Unguja. Wengi ninaowapokea wanatoka Hispania, na Kihispania changu nimekiokota humo humo kazini, garini na mashambani, neno kwa neno. Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha kwa sababu una mengi. Leo mvua imetufungia ndani, wageni hakuna, nauandika.

Ulianza Kizimbani, kwenye shamba la viungo. Nilikuwa na mama mmoja wa makamo, mkulima wa machungwa kutoka vijiji vya Valencia, viganja vigumu kama vya bibi yangu. Mzee wa shamba alikuwa anaeleza uchumaji wa karafuu: "Watu wako juu ya mti toka asubuhi hata jioni." Kabla sijafasiri, yule mama akanishika mkono. "Amesema *hasta*?" Nikamwambia hapana, amesema hata. Akauliza maana yake, nikamjibu: mpaka. Akamgeukia mumewe, karafuu bado iko mkononi, akawa anarudia: hata, hasta, hata, hasta. Kwao wanasema "desde la mañana hasta la tarde", yaani toka asubuhi hata jioni.

Usiku ule sikulala vizuri. Maana sisi "hata" tunalitumia kwa kazi mbili: ile ya "mpaka", ambayo siku hizi unaisikia zaidi kwa wazee, na ile ya "hata watoto wanajua". Nao ni hivyo hivyo: "hasta los niños lo saben". Kazi zote mbili, neno moja, na chimbuko ni moja: "hatta" ya Kiarabu.

Sasa fikirini. Jina la kitu husafiri na kitu chenyewe. Ukileta zafarani, jina linakuja na gunia. Lakini hakuna jahazi linaloshusha shehena ya "hata" bandarini. Neno dogo la namna hiyo hupita mdomo hadi mdomo pale tu watu wanapokaa pamoja, wakaoana, wakagombea mpaka wa shamba, wakaleana watoto. Nikaona basi nyuma ya neno hili kuna ujirani wa karne nyingi, na mimi nilikuwa nimeaminishwa kwamba Mhispania ni Mzungu kama Wazungu wengine.

Naendelea chini.

#2 Muongoza_Njia

Msingi wa Kihispania ni Kilatini. Warumi waliiita nchi ile Hispania, na watu wa huko walipanda hadi juu kabisa: Kaisari Trajan alizaliwa Italica, karibu na Sevilla ya leo. Baada ya Warumi wakaja Wavisigothi, watu wa asili ya Kijerumani, wakaweka makao Toledo. Hapo sikai sana.

Mwaka 711 Tariq ibn Ziyad alivuka mlango wa bahari kutoka Afrika Kaskazini na jeshi ambalo wengi wake walikuwa Waberiberi. Ule mwamba alioshukia ukaitwa Jabal Tariq, ndiyo Gibraltar ya leo. Mwaka 756 Abd al-Rahman wa kwanza, aliyenusurika baada ya ukoo wake wa Umayya kuuawa huko Sham, alitwaa utawala Córdoba. Mwaka 929 Abd al-Rahman wa tatu akajitangaza khalifa. Ukhalifa ukavunjika 1031, nchi ikagawanyika vijidola, na wafalme wa Kikristo wa kaskazini wakaanza kuteremka: Toledo 1085, Córdoba 1236, Valencia 1238, Sevilla 1248. Granada ikabaki peke yake hadi tarehe 2 Januari 1492.

Hesabuni wenyewe: kutoka 711 hadi 1492 ni miaka 781.

Na haya ndiyo yaliyobaki kwenye ndimi zao. "Fulano" ni fulani. "Mezquino", mtu duni au bahili, ni maskini. "Rehén", yaani mateka, ni ndugu wa rehani yetu: mtu aliyewekwa dhamana. "Azúcar" sukari, "aceituna" zaituni, "cifra" sifuri. "Alcalde", ambaye leo ni meya, alikuwa kadhi. "Alguacil", tarishi wa mahakama anayekuletea wito, alikuwa waziri, cheo kikashuka ngazi. "Tarifa", orodha ya bei, ni taarifa. "Barrio", mtaa, lilimaanisha nje ya mji, na shina lake ndilo lile la bara yetu. Na "ojalá", wanalolisema kwa kila jambo wanalolitamani, limetoka kwenye "Mungu akitaka". Mwambie Mhispania kwamba kila siku anasema ndugu wa inshallah bila kujua, umtazame usoni.

#3 Kipepeo_Tanga

Mkuu, uzi mtamu. Swali: kwa hiyo unasema chini ya Waislamu watu wote walikaa kwa raha? Maana nimesoma kwingine kwamba ilikuwa pepo, na kwingine kwamba ilikuwa jehanamu.

#4 Muongoza_Njia

Ndugu yangu wa Tanga, si pepo wala jehanamu. Wakristo na Wayahudi waliruhusiwa dini zao, walilipa jizia, kodi ya wasio Waislamu, na walikuwa chini kisheria. Kuna vizazi vilivyokaa kwa amani, na kuna mwaka 1066 ambapo Wayahudi wa Granada walichinjwa na kundi la watu. Musa bin Maimuni, yule mwanazuoni mkubwa wa Kiyahudi, alizaliwa Córdoba, na familia yake ilikimbia Wamuwahidi, watawala Waislamu kutoka Morocco, waliposhika mji na kuwabana wasio Waislamu. Aliishia Misri, akawa tabibu wa watawala huko. Kwa hiyo usichukue picha moja ukaifanya ya karne nane.

Ninachokisema mimi ni kuhusu kukaa pamoja, na kukaa pamoja hakumaanishi kupendana. Tunajua wenyewe majirani walivyo.

Ila kuna kitu kimoja cha enzi hizo ambacho bado kiko hai, na yule mama wa Valencia ndiye aliyenieleza, maana baba yake aliwahi kushtakiwa hapo. Mashamba ya Valencia yanapata maji ya mto Turia kupitia mifereji iitwayo "acequia", neno la Kiarabu la kunywesha maji. Maji huenda kwa zamu. Ukifungua lango lako siku isiyo yako, au ukiacha maji yafurike kwa jirani, unashtakiwa kwenye Mahakama ya Maji. Inakaa kila Alhamisi saa sita mchana, nje, mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu. Waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na wenzao, mmoja kwa kila mfereji, wamevaa kanzu fupi nyeusi, wamekaa kwenye viti vya mduara. Tarishi anaita mfereji mmoja mmoja: walioshtakiwa wa mfereji huu! Kama hakuna mtu, wanasimama, wanaondoka, kikao kimeisha kwa dakika chache. Kama yupo, mambo yote ni kwa mdomo, hakuna wakili. Mwenyekiti hakuonyeshi kwa kidole kwamba ni zamu yako kusema, anakunyooshea mguu. Mwamuzi wa mfereji wako mwenyewe haamui kesi yako. Na lugha ni Kivalencia, si Kihispania cha Madrid, ili mjue pia kwamba ndani ya Hispania kuna lugha kadhaa.

Wenyeji husimulia kwamba wanakaa nje kwa sababu zamani hapo palikuwa na msikiti, na ulipogeuzwa kanisa wakulima Waislamu hawakuingia tena ndani. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wao mwaka 2009. Mama yule aliniambia baba yake alitozwa faini, akailipa, na kwa miezi miwili hakusemezana na jirani yake. Halafu wakaanza tena kupeana zamu.

#5 binti_Kibokoni

Shukrani kaka. Mimi wa Mombasa. Sasa hao wakulima Waislamu walienda wapi? Maana leo Valencia ni Wakatoliki.

#6 Muongoza_Njia

Dada, umegusa penyewe.

Mwaka 1492 ulikuwa na mambo manne ndani yake. Januari, Granada imeanguka. Tarehe 31 Machi, malkia Isabel na mfalme Fernando wanatoa amri Wayahudi wabatizwe au waondoke. Agosti, Antonio de Nebrija anachapisha sarufi ya Kikastilia, ndicho Kihispania, pale Salamanca. Oktoba 12, Columbus anakanyaga kisiwa cha Bahama. Ukiyaweka pamoja unaona dola inayotaka dini moja na lugha moja, na papo hapo inapata bahari nzima ya kuvipeleka.

Waislamu wa Granada walikuwa wameahidiwa dini yao kwenye mkataba wa kusalimu amri. Ahadi haikudumu hata miaka kumi: kuanzia 1501 walilazimishwa kubatizwa au kuhama, wakaitwa Morisko. Mwaka 1567 Mfalme Felipe wa pili akawapiga marufuku Kiarabu cha kusema na cha kuandika, mavazi yao, hamamu zao, na akaamuru milango ya nyumba zao iachwe wazi siku za Ijumaa na za sherehe ili ionekane wanachofanya ndani. Hebu mtu afikirie kukaa nyumbani kwake Ijumaa mlango wazi kwa amri. Wakaasi milimani Alpujarras 1568, wakashindwa 1571. Kuanzia 1609 hadi 1614 wakafukuzwa karibu 300,000, na walianzia Valencia hiyo hiyo, ambako waliondolewa takriban theluthi ya watu wote. Vijiji vikabaki mitupu, miwa na mpunga bila wakulima.

Walipandishwa meli kwenda Afrika Kaskazini, watu ambao wengi wao walikuwa wamezaliwa wamebatizwa, na wapo waliofika huko wakionekana wageni. Mifereji ikabaki, na "hata" ikabaki.

Na kuna wazo moja baya lililozaliwa kwenye mambo haya: usafi wa damu. Toledo, 1449, walipitisha sheria ya kuwazuia wasishike vyeo vya mji wote wenye asili ya Kiyahudi, hata kama wamebatizwa vizazi vilivyopita. Wazo hilo lilivuka bahari, na ng'ambo likapewa kazi mpya ya kuwapanga watu kwa rangi: Mhispania, mestizo (mchanganyiko na mwenyeji wa Amerika), mulato (mchanganyiko na Mwafrika) na kuendelea. Mexico ya karne ya 18 walichora mpaka picha, baba, mama na mtoto, chini yake jina la tabaka. Mimi nikiziona picha zile naona ile Toledo ya 1449.

#7 Mswahili_wa_Ruwi

Assalaam aleikum kutoka Muscat. Mleta uzi, huku pesa yetu ni riali. Nimewahi kusikia ni neno la Kihispania, sikuamini. Na pesa yenyewe si peso hiyo?

#8 Muongoza_Njia

Waaleikum salaam sheikh. Pesa si peso, ingawa wengi tunadhani hivyo. Pesa imekuja na "paisa" ya Wahindi. Lakini riali ndiyo. "Real", maana yake "ya kifalme", sarafu ya Hispania na ya Wareno. Ndiyo reale yetu pia, waliyohesabia wazee.

Tena wazee wa pwani walikuwa na reale za aina aina, na mojawapo iliitwa reale ya mzinga. Ilikuwa sarafu ya Kihispania ya reale nane, ya fedha, kama gramu 27. Upande mmoja walichora nguzo mbili za Hercules, alama ya mlango ule ule wa bahari aliouvuka Tariq. Waarabu na watu wetu walizitazama zile nguzo wakaona mizinga. Kiarabu wakaiita yenye mzinga, na sisi hivyo hivyo.

Fedha hiyo ilitoka wapi? Nyingi ilitoka Mexico na Potosí, Bolivia ya leo. Potosí ni mji ulio kama mita 4,000 juu ya bahari, chini ya mlima ambao fedha yake iligunduliwa 1545. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulihesabiwa kuwa na watu kama 160,000, mkubwa kuliko miji mingi ya Ulaya, mahali ambapo hata nyasi zinaota kwa shida.

Hapa ndipo neno zamu linaponirudia. Dola ya Wainka, wenyeji waliotawala huko kabla ya Wahispania, ilikuwa na desturi iitwayo "mit'a", neno la Kiquechua, lugha yao, maana yake zamu: kila jamaa inatoa watu wake kwa muda kujenga barabara au kulima, na dola inawalisha. Miaka ya 1570 gavana mkuu Francisco de Toledo aliichukua desturi hiyo akaigeuza. Majimbo 16 yakatakiwa kutoa mwanamume mmoja kati ya saba kila mwaka kwenda mgodini. Walishuka kwa ngazi za ngozi, mshumaa umefungwa kidoleni, wakapanda na mzigo wa mawe mgongoni, wakitafuna koka kuzuia njaa. Nje, fedha ilisafishwa kwa zebaki, na zebaki iliwala. Jina likabaki lile lile, zamu, lakini ile haki ya kulishwa na kurudi salama ikaondoka. Bunge la Hispania lililokaa Cádiz liliifuta 1812, baada ya karibu miaka 240.

Fedha ile ikaenda Sevilla, na nyingine ikaenda Manila, Ufilipino, kwa meli za Acapulco, Mexico, kuanzia karne ya 16, ikanunua hariri ya China, na kutoka huko na Ulaya ikasambaa Bahari ya Hindi yote. Sheikh, ile riali yako imebeba jina lililopitia mikononi mwa wale watu.

Nao Waquechua hawakupotea. Mtangazaji wa mpira wa Buenos Aires akisema uwanja, anasema "cancha", Kiquechua hicho, yaani ua uliozungushwa. Chokoleti na "tomate", yaani nyanya, ni za Kinahuatl, lugha ya Waazteki.

#9 Kipepeo_Tanga

Neno la tatu mkuu. Ng'ombe. Nalisubiri toka juu.

#10 Muongoza_Njia

Haya. Hili ndilo lililonifanya niandike uzi.

Cartagena, pwani ya Colombia, ilianzishwa 1533 na ikawa moja ya bandari kuu za kuuzia Waafrika. Kati ya 1595 na 1640 leseni ya biashara hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara Wareno, kwa sababu kuanzia 1580 mfalme wa Hispania alikuwa ndiye mfalme wa Ureno pia. Nao Wareno walikuwa wamekaa Luanda. Ndiyo maana wengi walioshushwa Cartagena miaka hiyo walikuwa watu wa Kongo na Angola, wasemaji wa Kikongo na Kimbundu. Wabantu kama sisi.

Kabla kidogo ya 1600 Mwafrika mmoja mtumwa wa Cartagena, Benkos Biohó, alitoroka na wenzake wakaingia kwenye vinamasi na milima ya María. Walijenga maboma ya magogo, na boma la namna hiyo kwa Kihispania ni "palenque". Wakuu wa Cartagena walishindwa kumtoa, wakafanya naye mapatano, akawa anaingia mjini amevaa vizuri kama bwana. Baadaye gavana mwingine alimkamata, akamnyonga mwaka 1621. Lakini maboma hayakwisha. Mwanzoni mwa karne ya 18 serikali ilikubali, kupitia askofu wa Cartagena, kwamba watu wa San Basilio de Palenque ni huru, kama miaka 140 kabla ya Colombia kufuta utumwa 1851.

Kijiji kipo mpaka leo, kama kilomita 50 kutoka Cartagena. Wana lugha yao, maneno mengi ya Kihispania, na ndani yake Kikongo. Ng'ombe wanamwita "ngombe". Mtoto ni "moná", yaani mwana. Maiti wanamlilia kwa usiku tisa na ngoma, wanaita "lumbalú", na nyimbo zake zinataja Kongo, Luango na Angola. Wazee wao husimulia kwamba wanawake walisuka nywele mistari ya kuonyesha njia ya kutorokea. Kid Pambelé, bingwa wa dunia wa ngumi mwaka 1972, ni mtoto wa kijiji hicho, na umeme ulifika kwao baada ya ushindi wake.

Nilipoiona "ngombe" kwa mara ya kwanza niliweka simu chini.

#11 binti_Kibokoni

Kaka umenitoa machozi. Hata kwetu watoro walikuwa na maboma yao, Fuladoyo nyuma ya Malindi, karne ya 19. Bibi yangu alikuwa akitaja jina hilo kwa sauti ya chini. Na Guinea ya Ikweta je? Wanasema Kihispania pia, na ni Afrika.

#12 Muongoza_Njia

Ahsante dada kwa Fuladoyo. Andika uzi wake, nitausoma wa kwanza.

Guinea ya Ikweta: Wareno waliwapa Wahispania visiwa vya Fernando Póo (Bioko ya leo) na Annobón kwa mikataba ya 1777 na 1778. Ikapata uhuru 12 Oktoba 1968, tarehe ile ile ya Columbus. Nyumbani watu wanasema Kifang au Kibubi, zote za Kibantu, na Kihispania ni cha shule na ofisi. Mtu wa Malabo, mji wa huko, akisema "hasta mañana", yaani hadi kesho, amebeba Kilatini na Kiarabu juu ya ulimi wa Kibantu. Mexico nako, waliohesabiwa kuwa na asili ya Afrika kwenye sensa ya 2020 ni watu milioni mbili na nusu, na Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa 1829, alikuwa na damu hiyo. Wamexico wenyewe wengi hawakufundishwa hivyo shuleni.

#13 Kipepeo_Tanga

Swali la mwisho mkuu, nikalale. Hao wa Palenque, ng'ombe wakiwa wengi wanasemaje? Wanaweka "s" mwishoni kama Wahispania?

#14 Muongoza_Njia

Hapana. Wanatanguliza "ma".

Ma ngombe. Na watoto, ma moná.

Jumamosi napokea familia ya watu wanne kutoka Cartagena. Nitawauliza kama wamewahi kufika kijijini, na wakiniruhusu nitaweka hapa watakachonisimulia.